Kosa Langu Kwenye Ruta ya Rockville

Wapendwa, nawasalimu, na salamu yangu nitaitoa mara moja tu. Desturi yetu tunaijua: mtu akisimama hapa anasalimu, mnaitikia, anasema hajasikia vizuri, anasalimu tena, na dakika tano zimekwisha. Nikianza hivyo leo nitajificha ndani ya hizo salamu, kisha nirudi kukaa bila kusema kitu. Nimeshafanya hivyo mara mbili, kiongozi wa ibada ni shahidi. Mtoto wangu akilia huko nyuma, tafadhali msigeuke. Ameshikwa vizuri.

Wengi hapa mnaniita dada wa kompyuta. Jina hilo nilipewa na nyinyi, na nitasema ukweli, nililipenda sana, pengine kuliko nilivyopenda kazi yenyewe. Nairobi nilikuwa fundi wa mitambo ya simu. Nilipofika hapa Marekani vyeti vyangu havikumshtua mtu, nikafanya kazi ambayo nusu ya kanisa hili inaifanya: kuosha wazee, kubadilisha shuka, kusaga dawa kwenye uji. Miaka minne. Si kazi ya aibu, lakini mimi niliionea aibu, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Nikaamua kusoma mitandao ya kompyuta. Nilinunua ruta mbili kuukuu, vile visanduku vya kupitishia mtandao, nikaziweka juu ya meza ya kulia katika nyumba yetu pale Adelphi, na mume wangu akala sahani ikiwa magotini karibu mwaka mzima. Kaka zangu, mnacheka, lakini muulizeni. Kila ruta ilikuwa na kadi ya laini za simu. Hiyo kadi inatosha kiganjani, unaichomeka nyuma ya ruta, na laini moja ya kampuni ya simu inapita humo ikiwa imebeba maongezi mengi kwa pamoja. Kwetu laini kama hiyo hubeba thelathini. Hapa, kwenye nchi ambako hata soda ni ndoo, inabeba ishirini na matatu. Tofauti hiyo niliijua, nikaizoea. Sikuangushwa na hiyo.

Niliangushwa na saa. Naomba mnivumilie kidogo, sitawapa mtihani. Maongezi hayo yote yanapita kwenye waya mmoja kwa zamu, kila moja na nafasi yake fupi sana. Ndiyo maana upande huu wa laini na upande ule lazima zifuate saa ile ile. Ni kama kwaya yetu, mpiga ngoma ni mmoja. Mkiweka wawili, mwanzo wataenda sawa, halafu polepole wataanza kupishana, na waimbaji hawatajua wamfuate nani. Kwenye kazi ya kweli mpiga ngoma ni kampuni ya simu, na kadi yako inafuata. Lakini juu ya meza yangu kampuni ya simu haikuwepo. Zilikuwepo ruta mbili zinazotazamana, kwa hiyo moja niliiamuru itoe saa ndani yake yenyewe. Ikafanya kazi vizuri. Nikaandika mistari yote kwenye daftari, na nikaipigia mstari mwekundu chini, kwa furaha.

Nilifaulu mtihani. Nikaajiriwa na kampuni ndogo kule Sterling, Virginia, kwa majaribio ya miezi mitatu. Jumapili ile mlinitoa mbele hapa, mkaniimbia, akina mama wakanifunga leso. Niliporudi kukaa nilikuwa nimeshasahau kwamba nimewahi kuosha mzee.

Kazini tulikuwa wachache. Mkubwa wangu alikuwa Mmarekani mweusi, mtu mzima, aliyejifunza Kiswahili chuoni kwa mapenzi yake tu. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu, safi kuliko changu, na alipenda kukitumia mbele ya wageni. Mwingine alikuwa ndugu kutoka Kongo, fundi wa nyaya. Huyo aliishi jirani na sisi, na kila asubuhi alinichukua kwa gari lake hadi Virginia, bila hata siku moja kuniuliza habari ya petroli. Nilimwita Papa, naye akaniita Mama, ingawa ananizidi umri.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa Rockville, kwenye ofisi inayotuma wauguzi na wasaidizi majumbani mwa wazee. Mnaona Mungu alivyo. Nilikimbia wazee, akanipeleka kwao kwa mlango wa nyuma. Tulienda Jumamosi mchana wakati ofisi imefungwa. Papa akafunga kebo kutoka kisanduku cha kampuni ya simu ukutani hadi kwenye kadi yetu. Mimi nikaandika maagizo ya kadi. Mkubwa akasimama nyuma yangu akauliza, "Je, una hakika kuhusu saa?"

Nikamjibu, "Nimeifanya mara nyingi."

Hilo halikuwa uongo. Nilikuwa nimeifanya mara nyingi, juu ya meza ya kulia. Nilifungua daftari, nikanakili neno kwa neno, na ule mstari wa saa humo humo. Taa zikawa kijani, simu zikaita, tukapeana mikono.

Jumatatu malalamiko yakaanza. Faksi za madaktari zinafika nusu. Mtu anaongea, inasikika mibofyo, kisha sauti inakatika. Mara nyingine laini yote inajifunga kwa muda na kufunguka yenyewe. Kampuni ya simu wakapima, wakasema hadi kisanduku cha ukutani kila kitu ni kizima. Kutoka kisandukuni hadi kwenye kadi ni kebo tu, na kebo ni ya nani? Ya Papa. Akaifunga upya. Hali ile ile. Akaleta nyingine mpya. Hali ile ile.

Jumatano ile nilikwenda naye. Kwenye ruta kuna mahali unapoweza kuona ni mara ngapi saa mbili zimepishana. Nikapaangalia. Idadi ilikuwa inapanda nikiwa nimekodoa macho. Nikashuka hadi kwenye mstari wa saa, nikaona neno nililoandika: ndani. Lilipaswa kuwa: laini, yaani kadi ifuate saa ya kampuni ya simu. Ndugu zangu, nawaambia, nilijua pale pale. Papa alikuwa amepiga magoti sakafuni na tochi mdomoni, anachunguza kebo yake isiyo na kosa lolote.

Mtaniuliza kwa nini sikubadilisha lile neno kimyakimya, ni kazi ya sekunde chache. Nilitaka sana. Lakini kwetu badiliko lolote kwenye mtambo wa mteja linaandikiwa fomu: nani, lini, kwa nini. Mkubwa anasaini, na ruta yenyewe inatunza jina la aliyegusa. Nilianza kuandika fomu ile mara tatu. Ya kwanza nikaandika kwamba ni maboresho. Ya pili nikaandika kwamba mazingira yamebadilika. Ya tatu sikumbuki nilidanganya nini. Nilizichana zote. Niliogopa kurudishwa kwenye shuka, na niliogopa nyinyi. Nilijiona nikirudi hapa, mniulize, "Kompyuta inaendeleaje?"

Nikanyamaza siku kumi na moja.

Siku ya kumi na moja ikawa Jumapili. Baada ya ibada dada mmoja wa Tanzania, msaidizi wa wazee, aliomba tumwombee. Nimepata ruhusa yake kusema haya. Bibi aliyekuwa akimtunza alikuwa amebadilishiwa dawa, karatasi ya daktari ikatumwa kwa faksi kwenye ofisi ya Rockville, haikufika. Bibi akaendelea na kipimo cha zamani. Alhamisi akalegea kwenye kiti, midomo imekauka, hasemi. Dada akapiga ofisini kumtafuta muuguzi, simu ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Mara ya nne akaiacha, akaita gari la wagonjwa mwenyewe. Bibi alilazwa.

"Sasa ofisini wananiambia sikupiga," akasema, analia. "Wanasema kwao hakuna simu yangu hata moja. Wiki ijayo naitwa kikaoni. Na mimi nilipiga, jamani, nilipiga na kurudia."

Tukamzunguka. Mimi nilikuwa karibu naye, kwa hiyo nilimshika mikono yote miwili. Na kwa kuwa nilikuwa dada wa kompyuta, kiongozi akasema, "Wewe omba, wewe unaelewa hizi simu."

Nikaomba. Wapendwa, niliomba kwa sauti. Nilimsihi Mungu atengeneze simu ambazo mimi mwenyewe nilizivuruga, kwa neno moja ambalo nilijua liko wapi. Niliwasikia mkiitikia amina. Ile amina yenu sikuweza kuila wala kuitapika.

Kesho yake asubuhi Papa alinichukua kama kawaida. Hakuwasha redio. Tulipokuwa kwenye Beltway, ile barabara ya kuzunguka jiji, magari yamesimama, akasema bila kunitazama:

"Mama, patron, mkubwa wetu, alinipigia jana. Anasema leo ni mara ya mwisho. Kama kebo inakataa tena, nirudishe vyombo vyake."

Gari likasogea kidogo, akaendelea:

"Miaka kumi na sita mi niko nafunga kebo. Kinshasa, Johannesburg, hapa. Sijaona ya namna hii. Wewe ulisoma kunipita. Kama kosa iko ya mikono yangu, uniambie tu. Nitakubali. Nisiendelee kujisumbua bure."

Hakuwa ananitega. Hilo ndilo lililonivunja, alikuwa ananiuliza kwa heshima. Mtu anayekubeba kila siku anaomba umwambie kosa lake, nawe una kosa lako mfukoni.

Nikasema, "Papa, kebo yako ni nzima. Ya kwanza ilikuwa nzima. Kosa ni langu, nalijua tangu ile Jumatano niliyokwenda nawe."

Aliendesha hadi tukavuka mto wa kuingia Virginia. Nilitamani anitukane. Mwishowe akasema, "Basi twende tukaseme."

Nilimwambia mkubwa mlangoni, kabla hajaweka kikombe chake chini. Nilimweleza daftari, meza, neno, fomu nilizochana, kila kitu. Akanisikiliza. Kisha akasema kwa kile Kiswahili chake cha vitabu, "Nashukuru kwamba umesema. Nasikitika kwamba umechelewa." Bora angesema kwa Kiingereza.

Tukaenda Rockville wote watatu. Fomu niliiandika mwenyewe, na mahali pa sababu nikaandika: nilikosea. Nikabadilisha neno. Tukakaa robo saa tunaangalia ile idadi. Haikupanda tena hata kwa moja. Papa alisimama akajifuta magoti, akatoka nje. Mchana ule niliambiwa nisirudi kazini.

Jioni nilikwenda kwa yule dada. Nilikuwa nimemwomba mkubwa barua, akaandika bila maswali: kwamba siku zile laini zilikuwa mbovu kwa kosa la fundi, na kwamba simu nyingi zilikatika kabla ya kufika. Nilimpa barua, nikamweleza fundi ni nani. Akaisoma, akaikunja.

"Siku ile unaniombea, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ulinishika mikono."

"Ndiyo."

Akafungua mlango, nikatoka. Barua ile ilimwokoa kikaoni. Bibi naye alirudi nyumbani baada ya siku kadhaa, akaanza kulalamika chai haina sukari, wakajua amepona. Lakini dada hakunisemesha. Alikuwa akikaa upande wa madirisha, mimi upande wa mlango, na hakuna aliyetuuliza. Nilirudi kwenye shuka miezi tisa. Safari hii nilizibadilisha bila kuinamisha kichwa, na nikagundua wazee wana hadithi nyingi ambazo sikuwahi kuzisikia kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye ruta.

Ndipo siku moja mkubwa akapiga simu. Alikuwa na ofisi mpya ya kufunga, na akaniambia kwamba fundi wa nyaya amekataa kwenda na mtu mwingine. Nilipomuuliza Papa kwa nini, alisema, "Wale wengine sijui wakikosea watasema. Wewe, angalau tayari umejifunza." Ananipeleka kazini hadi leo.

Nashukuru. Namshukuru Papa aliyeniuliza kwa upole. Namshukuru mkubwa, pamoja na sentensi zake mbili. Namshukuru mume wangu, ambaye sasa anakula mezani. Somo langu kwenu ni dogo. Ukijua kosa lako, kila siku unayonyamaza kuna mtu mwingine yuko magotini analitafuta. Na usimwombee mtu jambo ambalo unaweza kwenda kulitengeneza. Nenda ukatengeneze kwanza, halafu uombe.

Na jambo la mwisho, nikae. Mwaka jana nilipojifungua, mlango uligongwa. Alikuwa yule dada, na sufuria ya mtori, ile supu ya ndizi anayopikiwa mzazi. Hakusema amenisamehe. Alinawa mikono, akasema, "Mlete." Leo asubuhi nilimwambia kwamba naogopa, nitakaa tena bila kusema. Akanijibu, "Simama useme. Mimi nitakushikia mtoto."

Sasa mnaweza kugeuka.