Mama Kipa na Nusu Mechi Aliyoiona

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Aliye jikoni apunguze moto, aliye gereji azime mashine kidogo, tusikilizane.

Mnajua tulivyozoea hapa. Kila wiki shabiki mmoja anatusimulia mechi ya kwanza aliyoiona uwanjani kwa macho yake. Mmetuchekesha sana. Kuna kinyozi aliyekaa upande wa wapinzani bila kujua, akashangilia bao la timu yake peke yake, akarudi nyumbani na kiatu kimoja. Kuna mwalimu wa hesabu aliyebebwa begani na baba yake, akalala fofofo mpaka filimbi ya mwisho, na bado anaapa kwamba ile ndiyo mechi bora kuliko zote.

Leo mwenye kumbukumbu hayupo. Amezikwa wiki iliyopita. Aliingia uwanjani mara moja tu katika maisha yake, na siku hiyo aliona nusu ya mechi. Nusu, wasikilizaji. Nusu nyingine alinyimwa.

Aliyetupigia simu ni mdogo wake, mama mmoja anayeuza vitambaa vya mapazia. Aliuliza kama tunapokea kumbukumbu za marehemu. Tukamwambia tunapokea. Zipo sehemu zinazochekesha katika alichotusimulia. Hizo ndizo mbaya zaidi.

Marehemu alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka, makoti ya madaktari, magauni ya wagonjwa, vyote vilipita mikononi mwake. Chumba chenyewe kilijaa mvuke mchana kutwa, na mkono wake wa kulia ulikuwa na alama za moto kuanzia kiwikoni hadi kwenye kifundo. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, na mtoto huyo alikuwa na viganja kama sahani. Mtaani wakamwita Mikono.

Mikono alianza kudaka mpira kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya nyumba yao. Glavu zake za kwanza alizishona mama yake. Alichukua glavu za mpira za kule kufulia, akazitia vipande vya sponji ya godoro. Kijana akiteguka kidole, mama ndiye aliyemkanda. Baba wakati huo yuko kwenye tawi la mashabiki, anabishana kuhusu watoto wa watu wengine.

Kijana akakua, akasajiliwa na timu ile ile ambayo baba yake aliishangilia kufa na kupona. Alikaa benchi muda mrefu. Kisha kipa wa kwanza akaumia bega, na jina la Mikono likasomwa. Baba alivimba kichwa, akatembea mtaani utadhani amesajiliwa yeye. Mama aliomba jambo moja tu: amwone mwanawe akidaka. Akabadilishana zamu na mwenzake kazini, akavaa gauni lake la kutokea, akaenda. Tangu siku hiyo mtaa ukamwita Mama Kipa.

Alikaa katikati ya watu wa tawi. Hakujua mpira unachezwaje, alijua tu mwanawe amesimama wapi. Timu zilipoingia akasimama kumpungia. Kijana alijifanya hajamwona. Basi mechi ikaanza, na bao la kwanza likapita katikati ya miguu ya Mikono. La pili lilipigwa kwa kichwa. La tatu alitoka golini mapema mno, mpira ukamvuka ukaingia taratibu, watu wote wakiuangalia. Kila bao lilipoingia mama alisema kwa sauti, "Pole, mwanangu." Na kila aliposema, watu wa mbele waligeuka kumtazama.

Sasa mnawajua mashabiki. Timu ikifungwa, halaumiwi beki aliyesinzia. Anatafutwa mgeni. Nani leo amekuja kwa mara ya kwanza? Nani amekaa kiti kisicho chake? Nani amevaa soksi mpya? Watu wazima, wenye kazi zao na akili zao timamu, wanaulizana maswali hayo bila kucheka. Mgeni siku ile alikuwa mmoja, naye alikuwa na gauni la maua.

Wakati wa mapumziko mwenyekiti wa tawi alimwendea. Huyu ni muuza vipuri vya pikipiki, jina lake la mtaani ni Katapila kwa sababu ya umbo lake. Alichuchumaa mbele ya mama kwa heshima zote. Akamwambia, "Mama, usinielewe vibaya. Hebu toka nje kidogo, tuone."

Mama akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama viatu vyake. Akasema, "Nenda tu, mama watoto. Si muda mrefu."

Akatoka. Akasimama nje ya geti, karibu na kibanda cha tiketi, mkoba kwapani. Na huko ndani, wasikilizaji wapendwa, timu ilirudisha mabao yote matatu. Yote matatu. Mama alisikia kelele mara tatu bila kujua ni furaha au msiba, ikabidi amuulize mlinzi. Mechi ikaisha sare. Tawi likatoka likiimba, na Katapila akamshika mama mkono, akamshukuru kwa ushirikiano wake.

Hapo ndipo alipohukumiwa. Hakuna aliyepiga kura wala kumuuliza neno. Mama Kipa ni mkosi, basi, imekwisha hiyo.

Mngedhani yaliishia getini. Hayakuishia. Timu ilipofungwa ugenini na mama yuko zake nyumbani, Katapila alimpigia simu mume wakati wa mapumziko. Akauliza, mama yuko wapi? Yuko sebuleni, anasikiliza redio. Mtoe sebuleni. Wakamtoa sebuleni, akaenda jikoni. Bado wakafungwa. Mechi iliyofuata wakamtoa jikoni, akaenda chumbani. Ikawa sare. Walimhamisha chumba hadi chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe, kama mtu anayetafuta mahali redio inaposhika vizuri. Siku moja alikuwa ameingia stoo kuchukua mkaa, Mikono akadaka penalti na timu ikashinda. Kumbe ni stoo, wakasema. Wakapumua.

Basi stoo ikawa mahali pake. Chumba kisicho na dirisha, cha magunia na makopo ya rangi. Kila siku ya mechi, dakika chache kabla ya mpira kuanza, Mama Kipa aliingia stoo, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akachambua maharage kwa mwanga wa mlangoni. Redio ilizimwa, asije akaisikia. Na mwanawe, ambaye kwa sasa alikuwa kipa wa kutegemewa, hakuzungumza naye siku ya mechi. Alitokea mlango wa nyuma asimkute njiani. Shati lake la safari mama alilipiga pasi jana yake, kwa sababu siku yenyewe hakutakiwa kuligusa.

Mwanzoni Mikono aliona aibu. Alimwambia mama yake kwamba haya ni mambo ya wazee, yatapita. Kisha timu ikaanza kushinda, na aibu ikamwisha.

Mdogo wa marehemu ndiye pekee aliyekuwa akipiga kelele. Alikuja siku za mechi, akasimama mlangoni mwa stoo, mikono kiunoni, akamuuliza dada yake kama amerogwa. Akamwambia mpira unafungwa kwa miguu, haufungwi kwa ndoo. Mama Kipa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja, kila mara lile lile: "Na yale matatu ya kipindi cha pili?"

Hapo ndipo roho inaponiuma, wasikilizaji. Wale wengine walikuwa wanacheza na bahati. Yeye aliamini kwa moyo wote. Aliamini kwamba siku ile alimtia mwanawe mabao matatu kwa kukaa tu pale na kumpenda. Na kwa kuwa alimpenda, akakaa mbali.

Ikafika fainali ya kombe. Asubuhi hiyo Mama Kipa aliamka kifua kimembana na mkono wa kushoto umekufa ganzi. Alikuwa na presha ya miaka. Hakumwambia mumewe, kwa sababu mumewe angeghairi kwenda uwanjani, na nafasi ya mumewe jukwaani nayo ilikuwa haibadilishwi. Alimfungia kofia na kitambaa cha timu kwenye mfuko, akamuaga. Mpira ulipokaribia kuanza akaingia stoo.

Mdogo wake alipofika alimkuta ametota jasho, maharage yamemwagika sakafuni. Akatoka mbio kumwita jirani mwenye gari. Jirani akaja, akawasha gari, akaliacha linanguruma mlangoni. Kilichobaki ni mgonjwa kutoka stoo. Mgonjwa akakataa.

"Ngojeni filimbi," akasema.

Wakati huo mechi ni sare ya bao moja kwa moja, kelele zinasikika kutoka nyumba za majirani. Wakangoja. Filimbi ikapigwa, kumbe bado ni sare, ukaja muda wa nyongeza. Mdogo wake akamshika mkono kumvuta. Mama Kipa akakamata rafu ya makopo kwa mkono ule mwingine, na mwanamke aliyeinua pasi nzito maisha yake yote habanduki kirahisi. Mdogo wake akalia, akamtukana Katapila na ukoo wake, akamwambia timu ikafie mbali.

Naye akajibu, pumzi ikimkatika: "Nikitoka sasa atafungwa yeye. Siyo timu. Yeye."

Muda wa nyongeza ukaisha. Ikaja mikwaju ya penalti. Gari bado linanguruma nje.

Mikono alidaka mkwaju wa mwisho. Alidaka kweli, nchi nzima iliona, aliruka kulia na ule mpira ukamnata kifuani. Mtaa mzima ulilipuka. Mdogo wake akapiga magoti stoo, akasema, "Amedaka, dada. Amedaka, twende sasa." Dada yake alikuwa ameegemea gunia la mkaa. Macho yamefumba.

Walimbeba wakamwingiza garini, alikuwa bado ana pumzi kidogo. Lakini gari halikupita. Barabara ilijaa watu wanaocheza. Jirani akapiga honi awaombe njia, na watu wakadhani anashangilia nao, wakafurahi, wakalipiga boneti kwa viganja, wakaimba jina la kipa mbele ya kioo. Alivyozidi kupiga honi ndivyo walivyozidi kucheza. Mdogo wake alishusha kioo akawaambia huyu ndiye mama yake Mikono, anakufa. Waliosikia walisikia neno Mikono tu, wakashangilia zaidi.

Hospitalini walimfunika shuka. Waliomfunika ni wenzake wa kazi.

Mume na mwana walipatikana kwenye simu baadaye sana, kombe lilipomaliza kuzungushwa mjini.

Kwenye maziko tawi lilikuja kwa wingi, na jezi. Katapila akapewa nafasi ya kusema. Alisema wengine walicheza uwanjani, mama alicheza nafasi yake nyumbani, na amekufa akiwa zamu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akapiga makofi. Baadaye Katapila akamvuta mume wa marehemu pembeni, akamwomba kwa niaba ya tawi kwamba ile stoo isiguswe kwanza, vitu vibaki kama vilivyo, maana ligi inaanza upya. Mdogo wa marehemu alikuwa karibu, alisikia kila neno. Anasema shemeji yake hakukataa.

Tulimpigia simu Mikono mwenyewe. Tulimuuliza tunachowauliza wote: mechi yako ya kwanza unaikumbukaje? Akasema maneno haya, na ametupa ruhusa kuyasoma.

"Tuko nyuma matatu. Tuliporudi uwanjani kipindi cha pili, nilitazama pale alipokuwa amekaa mama. Hakuwepo. Nikamshukuru Mungu. Tangu siku hiyo kabla ya kila mechi nilitazama jukwaani kwanza, nihakikishe hayupo."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki tunatoa pole kwa mume, tunatoa pole kwa mwana, tunatoa pole kwa mdogo wa marehemu, ambaye yake ndiyo tunayoitoa kwa moyo mweupe zaidi. Pole kwa wenzake wa chumba cha kufulia. Tawi nalo tunalipongeza kwa kombe, kwa kuwa wamelitaka sana.

Jumapili kuna mechi. Pembeni yako atakaa mtu ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani. Hajui ashangilie lini, anamtafuta mtu wake mmoja kwa macho kati ya wote wanaokimbia. Mkifungwa, mwacheni akae.