Wasifu wa Ndaki Masunga, Aliyetafuta Mtu wa Kusema Tovuti ni Mbovu

Marehemu Ndaki Masunga alizaliwa tarehe 9 Juni 1985 huko Meatu. Aliletwa Katavi akiwa mdogo, akifuata ng'ombe wa baba yake, nao wakifuata majani. Alimaliza kidato cha nne Mpanda mjini mwaka 2003, akasomea stashahada ya kompyuta Mwanza.

Mwaka 2012 alifunga ndoa na Odeta, wakajaliwa Suzana na Methusela. Alikuwa na tabia ya kusimama jikoni akimtazama mkewe anavyohangaika kutafuta chumvi, asimsaidie. "Baba Suzana, toka hapa," Odeta alikuwa akimfukuza, "mimi siyo tovuti!"

Kazi ndiyo ilimharibu. Mwaka 2019 aliajiriwa kuijaribu tovuti ya umma ya hali ya hewa: anampa mtu simu, anamwambia atafute kitu, anaangalia anakwama wapi. Pale Karema, mvuvi mmoja, mzee Felisiani, alitafuta onyo la upepo wa ziwani. Akakutana na picha za uzinduzi, hotuba, halafu picha za uzinduzi tena, mpaka simu ikazima.

"Umeionaje, mzee?"

"Nzuri sana, mwanangu. Hongereni."

Alipofika Mishamo, hivyohivyo. Nani amwambie mgeni kwamba alicholeta ni kibovu? Ripoti ikasema wananchi wameridhika, wakubwa wakapiga makofi, Ndaki akabaki amenaswa na sifa.

Ndipo akamwendea mtani wake. Nathanael, mvuvi wa Kifipa, hakuwa na adabu ya kumpa Msukuma. "Mmeijenga kama boma lenu, ng'ombe mbele, watu nyuma! Huo upepo nitausoma nikishazama?"

Ndaki aliyaandika yote neno kwa neno, akaomba onyo lihamie ukurasa wa mbele. Akajibiwa lugha siyo ya kiofisi, ila litafanyiwa kazi. Mara nyingi alitaka kuacha. Akiwafikiria wavuvi wanaoingia ziwani gizani, anarudi kuomba kilekile.

Februari 2025 figo zilimwangusha. Waliomtembelea walisema anaonekana ana nafuu. Nathanael akasema, "Msukuma, umebaki mifupa. Sema unataka nini kabla hujaondoka."

Ndaki akacheka mpaka akakohoa. "Nenda ofisini ukawatukane."

Alifariki tarehe 3 Mei. Nathanael alikwenda ofisini Jumatatu. Wakampa chai, wakamshukuru kwa maoni mazuri.

Marehemu ameacha mama yake Bi Nyanzala, mjane wake Odeta, watoto wawili, na onyo la upepo, ambalo hadi tunachapa ratiba hii ya mazishi bado liko ukurasa wa ndani. Mungu ampe pumziko lisilosubiri kikao.