Mbuzi Aliyekataa Ndizi

Jumamosi moja ya mwaka 1972, mbele ya duka la ushirika pale Kamachumu, watu watatu walikaa kwenye benchi wakitafuna akamwani, kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, kutoka kikapu kimoja kidogo. Wa nne, Josia, golikipa, alisimama. Kesho yake Kamachumu ilikuwa icheze na wavuvi wa kisiwa cha Goziba, na Penina, mchumba wake, alikuwa anatoka Kashai kuja kumwona akidaka kwa mara ya kwanza. Tatizo lilikuwa mbuzi wa Kaijage, aliyeitwa Katibu tangu siku alipokula kumbukumbu za mkutano wa kijiji. Katibu alikuwa ametabiri mechi tatu bila kukosea. Leo walimchorea miduara miwili vumbini: katika mduara wa Kamachumu maganda ya ndizi, katika mduara wa wageni majani ya viazi vitamu. Alikula majani yote, maganda hata hakuyanusa.

— Tumefungwa, alisema Rutashobya, kocha. Josia, kesho utakaa nje. Atadaka Elieza.

— Waitu, mzee wangu, mbuzi hakunitaja jina.

— Anayefungwa ni nani, kama si kipa?

Kaijage alimkuna mbuzi wake shingoni.

— Huyu ana masikio. Upepo wa ziwani unamletea maneno ya mazoezi yao.

— Wale wanaongea Kikerewe, alisema Aroni, fundi cherehani. Atawaelewaje?

— Mbuzi habagui lugha.

— Mimi nasema ni ukoo, alisema Rutashobya. Si bibi yake aliletwa na mtumbwi kutoka Goziba? Ana wajomba kule.

— Mbuzi wa Goziba wanakula nini?

— Dagaa.

— Ndiyo maana ananuka.

— Usimtukane, Aroni, alisema Kaijage. Aliyekula kumbukumbu za mkutano anajua mipango yote ya kijiji, hata ya mwaka ujao.

— Basi atuambie barabara yetu itatengenezwa lini.

Wote wakamtazama Katibu. Katibu akacheua.

Josia hakucheka. Akilini alimwona Penina akimtafuta golini, kisha akimkuta pembeni ya uwanja, amekumbatia mashati ya wenzake.

Ndipo akafika Klaudia, mke wa Kaijage, na mzigo wa majani ya viazi kichwani.

— Mnamfanya nini mbuzi wangu?

— Anatabiri, alisema mumewe.

Klaudia aliitazama miduara.

— Maganda ya ndizi anakula kwangu asubuhi na jioni, ameyachoka. Kwa nini Kamachumu msiiwekee majani ya viazi?

Pale Kamachumu ndizi si tunda. Ndizi ndiyo chakula. Kiazi huliwa chakula kinapokosekana, tena mlango ukiwa umefungwa. Aroni aliinama kufunga kiatu kisicho na kamba.

— Kamachumu iwe kiazi? alisema Rutashobya kwa sauti ya chini. Tusikike wilaya nzima?

Josia alichomoa majani kwenye mzigo wa Klaudia, akayaweka katika mduara wa Kamachumu. Maganda akayasukuma kwa mguu hadi Goziba. Katibu alikuja, akala majani yote bila kuinua kichwa.

Rutashobya alipapasa ndani ya kikapu. Kahawa ilikuwa imekwisha.

— Kesho utadaka, alimwambia Josia. Lakini mtu yeyote akikuuliza, mbuzi amekula ndizi.