Themanini, Siyo Thamanini

Zimeni hiyo redio, wanangu, halafu mkae, na wewe muuguzi wangu acha kunipima presha, maana tangu asubuhi umenipima mara tano na kila mara unanidanganya kwa uso ule ule ulionidanganya nao ulipovunja vikombe vya mama yenu. Ninakokwenda nakujua. Kaka yako achukue daftari aandike, kwa sababu mkono huu uliowafundisha watoto wa mtaa huu kuandika kwa miaka thelathini na minne hauwezi tena hata kushika kijiko, na ninayosema leo nataka yawe kwenye karatasi kabla pumzi haijanikatika. Ukitaka kulia, lia, mwanangu, lakini kalamu isisimame.

Ya nyumba ni mepesi. Nyumba hii na ua wake ni vya mdogo wenu, yule aliye gerezani, kwa kuwa nyinyi wawili mna makwenu. Cherehani ya mama yenu ni ya muuguzi. Vitabu na meza ni vyako wewe, mwanangu wa kwanza, ingawa sijawahi kukuona ukimaliza kitabu. Na asije mtu kusema mfungwa harithi. Atakayelisema hilo msibani mwonyesheni mlango, hata akiwa shangazi yenu, tena shangazi yenu hasa.

Sasa andika hili. Mnajua kwamba mwaka ule wa uchaguzi nilikuwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura pale shuleni, darasa la nne, na mdogo wenu alikuwa wakala wa chama cha upinzani, amekaa dawati la nyuma na kijitabu chake. Siku nzima hakuniita baba. Aliniita "msimamizi", nami nikamwita "wakala", na chai ya mchana kila mmoja alikunywa pembeni kwake, tusije tukasemwa. Nilimwonea fahari binti yule mpaka nikaogopa itaonekana usoni. Tulipohesabu, mgombea wa upinzani alipata mia tatu themanini na mbili, na rais aliyekuwa madarakani mia moja kumi na nne. Nikaijaza fomu kwa tarakimu na kwa maneno, mawakala wote wakatia sahihi bila ubishi, kila mmoja akachukua nakala yake, na nakala moja nikaibandika mlangoni kama sheria inavyotaka.

Nilipoipeleka fomu kwenye ofisi ya kujumlishia, walinikalisha chumba cha nyuma chenye meza moja na feni isiyozunguka. Akaja bwana mmoja wa koti, mpole kweli, akaniwekea mbele yangu fomu nyingine iliyokwisha kujazwa, kura za huyu amepewa yule. Nikamwambia hii si yangu. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mwalimu, yule kijana wako bado yuko ghorofa ya tatu, meza ya karibu na dirisha?" Basi. Nikatia sahihi.

Nimesema kalamu isisimame. Ndiyo, kijana wa ghorofa ya tatu ni wewe, baba. Miaka minne umekasirika na mdogo wako, umesema ametuaibisha, umesema atakuponza kazini, hujakanyaga gerezani hata siku moja, na mimi nikanyamaza, kwa sababu hasira yako ilikuwa inanificha. Nilikuacha umchukie dada yako ili usinichukie mimi. Hilo ni langu, usilibebe, lakini ulijue.

Maana yeye alikwenda na nakala yake mahakamani, wakamgeuzia kibao, wakasema ameighushi, nami nikaitwa shahidi wa serikali. Mlikuwepo, lakini sidhani mlielewa kilichotokea pale. Wakili wake, yule mama mfupi, aliinua fomu mbili akasema, "Mwalimu, hii ya binti yako imeandikwa themanini. Hii ya serikali imeandikwa thamanini. Wewe huandika ipi?" Wapo wengi wasemao thamanini na dunia haijaharibika, lakini darasani kwangu ukiandika thamanini unabaki mapumziko ukiirudia themanini mara hamsini ubaoni, na hakuna aliyepita mikononi mwangu asiyelijua hilo. Karani wa mahakama alikuwa mwanafunzi wangu. Askari wa mlangoni alikuwa mwanafunzi wangu, tena mtundu. Nikamwona mdogo wenu anatabasamu, tabasamu la mtu aliyekwisha kuokoka, kwa kuwa baba yake ameulizwa swali ambalo hawezi kulikosa.

Nikasema, "Huandika yoyote. Inategemea."

Karani aliacha kuandika akaniangalia, mpaka hakimu akamwambia aendelee. Binti yangu hakulia. Aliniangalia kidogo, akainama akafunga kamba ya kiatu chake, na kamba ile ilikuwa imefungwa tayari. Wakampa miaka saba. Wanangu, nimezika mama yenu, nimezika kaka zangu wawili, lakini hakuna siku niliyorudi nyumba hii nikiwa maiti isipokuwa siku ile.

Yaliyofuata mliyaona. Siku ya kukabidhiana madaraka ilifika, na aliyeshindwa akajikabidhi mwenyewe, akala kiapo huku akitabasamu. Vijana waliotoka barabarani kukataa walipigwa, na wawili kati yao niliwafundisha kushika penseli. Nikajiliwaza kwamba kituo kimoja hakiwezi kugeuza nchi. Uongo mtupu. Vyumba vya nyuma vilikuwa vingi kama kile, na kila kimoja kilikuwa na mtu mzima mwenye mtoto kwenye ghorofa fulani. Sote tuliwaokoa watoto wetu, wanangu, na tazameni tulivyowaokoa. Sasa uchaguzi mwingine uko mlangoni, na asubuhi mmemsikia wenyewe redioni, rais yule yule, akisema ataondoka atakapoona inafaa.

Nimekwenda gerezani mara sita. Kila mara askari jela anaingia, anatoka, ananiambia, "Mzee, anasema hana mgeni."

Nipe maji kidogo. Yanatosha.

Ile fomu ya mlangoni pa darasa niliibandua alfajiri ya siku iliyofuata uchaguzi. Iko nyuma ya picha ya mama yenu, ndani ya fremu, na gundi yake na mhuri wake. Pamoja na haya unayoandika, ifike kwa yule mama mfupi, wakili, akaombe kesi ifunguliwe upya. Msiitume kwa mtu. Lakini wewe, mwanangu wa kwanza, ghorofa ya tatu bado ipo, na bwana wa koti bado yupo. Sikuamrishi. Mara moja niliamua kwa niaba yako na unaona nilichofanya, sitaamua tena. Ukiogopa, mwachie muuguzi aipeleke yeye, na sitakulaani, naapa. Kuogopa nakujua.

Leteni wino. Shikeni mkono huu, uongozeni. Mwalimu wa mwandiko anatia dole gumba... mnaruhusiwa kucheka. Hapo. Bonyeza zaidi, muuguzi, isije ikasemwa nayo si yangu.

Nizikeni bila hotuba. Asisimame mtu kusema nilikuwa mwadilifu.

Na mkimfikia mdogo wenu, msimwambie kwamba baba ameomba msamaha. Aliyekufa akiomba msamaha, aliye hai anakosa pa kukataa, na mimi nataka awe napo. Mwambieni tu, baba amesema ulisema kweli. Hayo tu. Msiongeze.

Sogeeni. Vichwa vyenu... viko wapi? Mungu awape usingizi mzuri. Awape watoto watakaowauliza maswali, nanyi muweze kuwajibu. Radhi zangu mnazo wote wawili, zote, sikuzuia kitu.

Na yeye... sijui kama atazitaka.

Mwekeeni.