Mama Breki na Maneno ya Msibani

Nilishuka kituo cha mabasi cha mji huu juzi asubuhi, mara yangu ya kwanza kufika, nikiwa na begi moja na jina la mtaa nililolisikia vibaya kwenye simu. Nikamuuliza dereva wa teksi kama anaijua nyumba ya fundi cherehani aliyefariki Jumatatu. Akakuna kichwa. Nilipotaja kesi yake ya lori akageuka mzima mzima. "Si ungesema Mama Breki! Panda, twende. Pole sana, mzee. Yule mama hakupanda gari langu mpaka alipolikagua."

Ndiye tunayemsindikiza leo.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 11 Aprili 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa mpiga ishara na mkunga. Alisoma shule ya msingi ya hapo hapo relini, kisha chuo cha ushonaji, akahitimu mwaka 1979. Mwalimu wake alikuwa akisema kwamba huyu binti anabishana hata na futi kamba.

Ushonaji ndio uliomletea mume. Fundi seremala mmoja alileta suruali iwekwe kiraka. Akarudi nayo mara kadhaa, kila mara tundu jipya, hadi marehemu akamuuliza, "Hii unaichana mwenyewe?" Akajibu, "Sasa ningefanyaje?" Walifunga ndoa tarehe 3 Machi 1984, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 14 Septemba 2013 lori la mchanga lilishuka mteremko bila breki, likamkuta shemeji yetu pembeni mwa barabara amebeba ubao begani. Mwenye lori alifika msibani, akakaa, akatoa pole. Baba yetu mdogo, mtu wa adabu zake, akamjibu kama tunavyojibu wote: "Asante. Ni kazi ya Mungu. Hatumlaumu mtu."

Nimeishi nchi nyingi na kuzungumza lugha kadhaa, na kila lugha ina maneno yake ya kufunika kidonda. Sijaona kwingine ambako maneno hayo yalibebwa hadi mahakamani. Marehemu alipofungua kesi ya fidia, wakili wa mwenye lori alimsimamisha baba mdogo kizimbani.

"Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Basi hamumlaumu mtu."

"Wakili, hayo ni maneno ya msibani. Ukiniambia pole nikakujibu asante, ndiyo nimefurahi kufiwa?"

Watu walicheka, kesi ikaahirishwa. Iliahirishwa tena kwa sababu jalada limepotea, kisha hakimu amehamishwa, kisha wakili ana mafua, na mara moja kwa sababu umeme umekatika, kana kwamba haki inachomekwa ukutani.

Kumbe kusema lori limemuua mume wako hakutoshi. Lazima uoneshe kwamba mwenye lori alijua hatari, au alipaswa kuijua, na hakujali. Marehemu akamtafuta fundi wa gereji aliyewahi kuzifungua breki zile.

"Mama, mimi nina bosi," fundi akamwambia.

"Na mimi nilikuwa na mume." Akavuta benchi, akatoa nguo kwenye mfuko, akaanza kushona vifungo pale pale gerejini. Alizidi kuja hadi mafundi wakamzoea, wakampa jina la Mama Breki, lililomfuata hadi mji huu, na kumletea ovaroli zao zilizochanika. Mwishowe yule fundi akaenda kutoa ushahidi: alimwambia mwenye lori kwamba breki zimekwisha, akajibiwa, "Zitatufikisha mwisho wa wiki."

Uzembe ukathibitika. Tukadhani yamekwisha, kumbe ilibaki kupima hasara ya kumpoteza mtu asiye na hati ya mshahara.

"Alikuwa anakupa kiasi gani kwa mwezi?" wakili akauliza.

"Hakuwa ananipa. Tulikuwa tunakula."

"Na yeye mwenyewe alitumia sehemu gani ya kipato chake?"

"Mume wangu? Alikuwa na kaptula mbili."

Hakimu alikadiria kwamba shemeji angefanya kazi miaka minane zaidi. Marehemu alitoka amefura. "Nani kawaambia seremala anastaafu?" Hata hivyo alishinda, mwaka 2019, na mwenye lori akakata rufaa. Hoja yake ya kwanza? Kazi ya Mungu. Rufaa ikapangwa kusikilizwa mji huu, na marehemu, aliyechoshwa na safari, akahamia hapa na cherehani yake.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimkataza ngazi. Mahakama iko ghorofa ya tatu na lifti ni pambo. Alipanda. Mara ya mwisho tulipoongea aliniambia, "Siku yangu, mtu asithubutu kusema kazi ya Mungu mbele ya yule bwana. Nitaamka." Alifariki wodini tarehe 12 Juni 2023, usingizini, binti yake akiwa amemshika mkono. Rufaa inasikilizwa mwezi ujao.

Kifo chake yeye naweza kukiita cha Mungu. Cha mumewe kilikuwa cha breki.

Jana ndugu tulikaa. Baba mdogo alisema tuiache kesi, tumechoka, na ana haki ya kuchoka. Lakini asiposimama mtu mahali pa marehemu, jasho lake lote litapotea na wanawe watabaki mikono mitupu. Binti yake akanigeukia: "Mjomba, ndege yako ni lini?" Nikamwambia sina ndege. Tiketi nimeirudisha.

Mwenye lori yupo nasi, mstari wa tatu. Karibu, bwana. Pole yako tumeipokea. Asante. Na hiyo asante usimpelekee wakili wako.

Marehemu ameacha watoto watatu, mjukuu mmoja, baba mdogo, gereji nzima, na mdogo wake mmoja, ambaye ni mimi.

Siku zote mimi ndiye niliyepanda basi, naye akabaki kituoni akipunga mkono mpaka vumbi litulie. Leo gari ni lake. Nenda, dada, ukapumzike kwa amani. Breki za gari nimezikagua mwenyewe. Mimi nabaki.