Kiuno Thelathini na Mbili

Basi lilikuwa linakaribia hospitali. Mbele yangu fundi cherehani, futi ya kupimia bado shingoni, alikuwa akimlalamikia nesi asiyemjua. “Tangu apatwe na kiharusi, mama haongei Kiswahili tena. Ni lugha ya kwao tu, na hakunifundisha. Amenisahau.”

“Hajakusahau, dada. Lugha zote mbili zimo kichwani. Ubongo hubana moja ili nyingine ipite, sasa umechoka. Huenda Kiswahili kikarudi.”

“Na kisiporudi?”

Nesi alimgeukia. Mimi nikaendelea kusoma tangazo la dirishani, kwa mara ya nne.

“Hujui hata neno moja la kwao?”

“Namba tu. Mama naye alikuwa fundi; akimpima mteja alizitaja kwa lugha ya kwao, mimi naandika daftarini. Sasa niingie wodini nimwambie mama yangu thelathini na mbili?”

“Hiyo ni ya nani?”

“Kiuno changu. Kabla ya watoto,” akacheka kidogo. “Magauni yangu yote kashona yeye.”

“Basi mwambie hiyo hiyo.”

“Namba si mazungumzo, dada.”

Basi likasimama. Fundi alishuka bila kuaga. Kupitia dirisha nilimwona akienda langoni, ameishika futi kwa mikono miwili, midomo ikirudia neno moja.