Vidonge Kwenye Fundo la Leso

Dada zangu wa chama, shavu langu limebonyea upande mmoja, na najua mnalitazama nikigeuka. Leo litazameni wazi.

Mguu ulinivimba baada ya kujifungua kitinda mimba wangu. Nikaambiwa damu imeganda ndani, nikapewa vidonge vya kuifanya iwe nyepesi, nimeze kila jioni. Sasa ninyi mnalijua soko letu la Matayos. Mwanamke akionekana anameza dawa kila jioni, soko lote limeshampa ugonjwa. Nikawa navifunga fundo kwenye pindo la leso niliyojifunga kiunoni. Hata mzee wangu hakujua. Niliyemwogopa zaidi ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Anauza omena, vile visamaki vidogo vikavu, karibu na meza yangu sokoni, na macho yake hayana likizo.

Siku moja tukitoka Malaba mimi na yeye, pikipiki iliteleza. Yeye akachubuka tu. Mimi uso uligonga lami, mfupa wa shavu ukavunjika. Damu ya puani ikakataa kukatika, jicho likavimba mpaka likajifunga. Hospitalini daktari akauliza, "Mama, kuna dawa yoyote unatumia?"

Wifi amesimama hapo hapo. Nikajiambia, huyu daktari anataka kunianika. Nikasema hakuna.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa naandaliwa kupasuliwa na uongo huo mdomoni.

Wifi akachukua leso yangu yenye damu akaifue. Akarudi mbio, fundo limefunguliwa, akampa daktari vidonge. Nikasema moyoni, amenimaliza.

Daktari akasimamisha kila kitu. "Mama, hizi zinazuia damu kuganda. Tungekukata sasa tungeshindwa kuizuia. Tena inaweza kuvujia nyuma ya jicho, ama kichwani."

Wakanipiga picha ya kichwa, wakanipa dawa ya kurudisha nguvu ya damu kuganda, wakangoja. Ilipotulia ndipo wakarekebisha mfupa. Jicho linaona. Vidonge nilirudishiwa baadaye, daktari aliposema ni salama.

Nawashukuru wao, na ninyi mlionipikia. Ukiulizwa unatumia dawa gani, sema, hata kama anayesikia humwamini. Na usiache kuzimeza kwa kichwa chako, muulize daktari.

Kushuku sijaacha, nisiwadanganye. Tangu nitoke hospitali natega sikio sokoni nisikie wifi amewaambia watu nini. Mpaka leo hakuna aliyekuwa anajua. Nimewaambia mimi.